Wanawake 384 Hawapo: Barua ya Wazi kwa Wanaopitisha Tafiti za Saikolojia

Kwa:
Wakuu wa Idara za Saikolojia,
Wakurugenzi wa Masomo ya Uzamili,
Wajumbe wa Kamati za Maadili ya Utafiti,
Vyuo Vikuu vya Tanzania.

YAH: KUZUIWA KWA TAFITI ZA KIMAELEZO KATIKA SAIKOLOJIA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhadhiri wa saikolojia ya ushauri nasaha, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu wa kufundisha na kusimamia tasnifu. Barua hii nimeikwepa kwa muda mrefu. Kabla yake niliandika nyingine nne ndani ya miezi kumi na minne, zote kupitia kwa mkuu wangu wa idara, nikafuata kila ngazi kama utaratibu unavyotaka. Tatu hazikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwa sentensi moja: suala lako linafanyiwa kazi. Nilipokwenda kuuliza linafanyiwa kazi na nani, nikaambiwa faili limehamishiwa ofisi nyingine, na ofisi hiyo ikaniambia haijalipokea. Sitakitaja chuo wala mtu yeyote. Wenzangu wa vyuo vingine nilipowasimulia walinimalizia hadithi kabla sijafika katikati, ndiyo maana barua hii nawaandikia ninyi nyote.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alikulia katika kijiji cha wavuvi. Alitaka kuchunguza namna wanavyoishi wanawake ambao waume zao walitoka na ngalawa wakapotelea baharini, na maiti zisionekane. Kwa msaada wa wazee na viongozi wa diko alikuwa amewapata kumi na wanne katika vijiji vya jirani. Alipanga kumsikiliza kila mmoja mara mbili au tatu, kwa Kiswahili chao cha pwani, arekodi, aandike neno kwa neno, kisha achambue. Huo ndio utafiti wa kimaelezo: unafanya kazi na maneno ya watu, masimulizi yao na mwenendo wao pale ambapo tarakimu hazifiki. Andiko lake lilikuwa zuri. Nimesimamia mengi, najua zuri likoje.

Lilirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza pembeni mwa ukurasa kuliandikwa kwa wino mwekundu: "Sampuli ndogo mno. Rejea jedwali." Mara ya pili: "Weka nadharia tete," yaani dhana ya kupimwa kwa takwimu. Mara ya tatu kamati ilikubali kwa sharti kwamba dodoso ndilo liwe utafiti wenyewe, mahojiano yabaki kuwa nyongeza, na dodoso hilo lijaribiwe kwanza.

Akaenda kulijaribu. Mtu wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyekuwa barazani kwake akisuka ukili. Mwanafunzi akamwamkia, wakajuliana hali, akaomba idhini, akaanza. Swali la tatu lilikuwa hali ya ndoa, chagua moja: hajaolewa, ameolewa, ameachika, mjane. Mama akaacha kusuka.

"Sasa hapo, mwanangu, utaniandika wapi? Nikisema mjane, eda nimekaa lini? Nikisema nimeolewa, mume yuko wapi?"

Mwanafunzi akaliruka swali, akaenda kwenye vile vipengele tisa vinavyotumika duniani kote kupima sonona. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? "Hamu? Nisipoamka mimi, maji anachota nani?" Akaandikiwa sifuri. Umekosa hamu ya kula? "Kikiwepo nakula." Sifuri. Usingizi je? Hapo mama akanyamaza kidogo, akasema usingizi anapata, ila kusi likivuma hulala na mlango wazi. Mwanafunzi akatazama visanduku alivyokuwa navyo: hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Hakukuwa na kisanduku cha kusi. Jumla ya alama za mama yule ilikuwa mbili kati ya 27. Kwa kipimo hicho hana tatizo lolote.

Kasia la akiba la mumewe bado limesimama nyuma ya mlango. Watoto wamekatazwa kulitumia hata kuangulia maembe. Alipokuwa akimsindikiza mwanafunzi hadi njiani, dodoso likiwa limeshaingia mkobani, ndipo aliposema maneno ambayo ametupa ruhusa kuyatumia bila jina lake wala la kijiji chake: "Nikikaa eda, nimemuua mimi. Nisipokaa, watu wananiuliza nangoja nini. Mwaka wa sita huu, sina pa kukaa."

Taaluma yetu inayo dhana ya msiba wa namna hii, msiba usio na hakika. Ilitokana na kazi ya Mmarekani Pauline Boss, aliyoianza miaka ya 1970 na familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Wake wa wavuvi wetu wana eda ya miezi minne na siku kumi ambayo hawajui waianze lini. Wana mashemeji wanaoulizia ngalawa iliyobaki, na watoto wa kike wanaoposwa huku baba hajulikani yu hai au amekufa. Nani ameyaandika hayo? Mwanafunzi wangu alitaka kuyaandika, na mlango ukafungwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Idadi ya 384

Namba hii, ambayo kamati huitaka kama ukubwa wa sampuli, inatoka katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Jedwali lile lilitengenezwa kwa kazi moja: kukadiria uwiano fulani katika kundi kubwa kwa kuchagua watu kwa bahati nasibu. Kundi likiwa la watu milioni moja, linataka 384. Lakini jedwali hilohilo, katika safu zake za juu kabisa, linasema kundi likiwa la watu 10 wachukuliwe wote 10, na likiwa la watu 20 wachukuliwe 19. Aliyeandika "rejea jedwali" hakulirejea yeye mwenyewe. Wanawake 384 waliopotelewa na waume baharini katika ukanda ule hawapo, na Mungu atuepushe wasije wakawepo.

Hata kama wangekuwepo, swali la mwanafunzi wangu halikuwa wangapi. Aliuliza hali hii ikoje, inaishiwaje, inaitwaje na wenyewe. Katika maswali ya aina hiyo kinachotafutwa ni wapi masimulizi mapya yanakoma kuleta jambo jipya. Mwaka 2006 Greg Guest na wenzake waliyapitia mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba karibu mambo yote ya msingi yalikuwa yameshapatikana katika mahojiano 12 ya kwanza. Naitaja kwa tahadhari, maana nisingependa kesho 12 iwe sheria kama ilivyokuwa 384. Kundi likiwa na watu wa hali mbalimbali, 12 hawatoshi. Utafiti ukizama kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, mmoja anaweza kutosha. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza wanawe watatu, na mpaka leo ninyi na mimi tunafundisha aliyoyaona kwao.

2. Vipimo vya kuazima

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye madhara makubwa kuliko pote.

Tunachukua dodoso lililotungwa Marekani, tunalitafsiri, tunalirudisha kwa Kiingereza kuona kama tafsiri imekaa, kisha tunaandika kwamba limehakikiwa. Tafsiri inaweza kuwa sahihi neno kwa neno na swali bado lisiwe la huku. Kimojawapo cha vipimo vya sonona vinavyotumika sana, chenye vipengele 20, kilichochapishwa mwaka 1977, kina sentensi yenye neno ambalo kwa Wamarekani maana yake ni huzuni na pia ni jina la muziki wao, bluzi. Katika tasnifu za wanafunzi wetu nimekutana na tafsiri tatu tofauti za sentensi hiyo, na hakuna hata moja ambayo mtu wa Kariakoo angeitamka.

Mtu wetu akizidiwa husema ana mawazo. Husema moyo unamwenda mbio, roho iko juu juu, kichwa kimejaa, dunia imemgeuka, anajikaza tu. Hilo la kujikaza peke yake linatosha tasnifu nzima. Mtu anayejikaza atajibu "hakuna kabisa" mpaka karatasi iishe, na mtafiti ataondoka na takwimu safi za uongo.

Majirani zetu walishaliona hili. Zimbabwe, katika miaka ya 1990, watafiti waliokuwa Harare walikaa na wagonjwa, wauguzi na waganga wa jadi, wakauliza hali hii watu wanaiitaje. Wakapewa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwetu sisi tunaosema "ana mawazo", neno hilo ni ndugu kabisa. Kutokana na maneno ya watu wenyewe likatungwa dodoso la vipengele 14, lililochapishwa mwaka 1997. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, mabibi 14 wakaanza kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki, chini ya uongozi wa daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda. Utaratibu huo ulipojaribiwa kwa watu 573 katika kliniki 24 za Harare, matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika JAMA, jarida la tiba la Marekani: waliosikilizwa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Neno kufungisisa lenyewe lilikuwa limeshaingia katika DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, tangu mwaka 2013.

Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji matatizo yao ni yapi. Wakapata maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, moja likikaribia kujichukia na la pili kujihurumia. Hayo ndiyo waliyoyapima, na tiba ya vikundi iliyojaribiwa katika vijiji 30 ikaonekana kufanya kazi. Ripoti yake ni ya mwaka 2003. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, waliuliza vivyo hivyo wakalipata agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Hata hapa Dar es Salaam, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha sonona cha vipengele 19 kilichotungwa hapahapa. Ni tasnifu ngapi zilizopita mikononi mwenu tangu mwaka huo zimekitumia?

Huko Zimbabwe, Uganda na Rwanda kusikiliza kulitangulia, kupima kukafuata. Sisi tunaamriwa kuhesabu kabla hatujajua tunahesabu nini.

3. Kuyavika mahojiano nguo za dodoso

Mwongozo wa mahojiano wa mwanafunzi wangu ulitakiwa uoneshe alfa ya Cronbach isiyopungua 0.7. Alfa hupima kama vipengele vya dodoso vinakwenda pamoja ili alama zake zijumlishwe. Majibu ya mahojiano hayajumlishwi. Kuyadai alfa ni kupima kanga kwa pishi.

Lee Cronbach, aliyeileta alfa mwaka 1951, alichapisha mwaka 1975 makala ambayo natamani kila mjumbe wa kamati angeisoma. Humo anakiri kwamba matokeo ya jumla katika sayansi za binadamu huchakaa mazingira yanapobadilika, anawataka watafiti waangalie kwa makini hali ya mahali walipo, na jumla yoyote waichukulie kama dhana ya kufanyia kazi tu, isiwe hukumu ya mwisho. Mtu ambaye jina lake linatumika kufungia mlango wa utafiti wa kimaelezo alikuwa akiufungua miaka 50 iliyopita.

4. Lugha

Mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili, uchambuzi unalazimishwa kwa Kiingereza, na katika tasnifu zinabaki nukuu za Kiingereza peke yake. Rudini kwenye maneno ya yule mama. "Sina pa kukaa." Nyumba anayo. Anachokisema kinakaa ndani ya neno moja, kukaa: kukaa eda, kukaa kwake kama mke, kukaa katika jamii akiwa na jina la hali yake. Likihamishiwa Kiingereza, msomaji ataona mwanamke asiye na makazi. Tasnifu ya namna hiyo haina tena ushahidi ndani yake, kwa sababu ushahidi wa utafiti wa kimaelezo ni maneno yenyewe, na maneno yametupwa.

Nchi yetu ina bahati ambayo wengi hawana: mtafiti na mtafitiwa wanaelewana kwa lugha moja kutoka Tanga hadi Kigoma. Tunaipoteza kwa kanuni ya uandishi tu.

5. Na sisi wasimamizi

Haki inanitaka niseme na hili. Kuna tasnifu za kimaelezo zilizopita ambazo hazikustahili kupita. Mwanafunzi anahoji watu wanane kwa dakika kumi na tano kila mmoja, anayageuza maswali yake manne kuwa "mada" nne, anaandika kwamba mada ziliibuka, na chini ya kila mada anabandika nukuu mbili. Mada haziibuki. Mtafiti ndiye anayezitengeneza kwa kusoma, kurudia, kulinganisha na kujihoji, na lazima aoneshe alivyofika hapo. Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao makala yao ya mwaka 2006 kuhusu uchambuzi wa mada ni miongoni mwa zinazonukuliwa zaidi katika taaluma yetu, wamekuwa wakilalamikia jambo hili tangu hapo. Kazi mbovu za aina hii zimewapa ninyi sababu ya kuwa na shaka, nami kama msimamizi ninabeba sehemu ya lawama. Lakini dodoso likifanywa vibaya hatupigi marufuku madodoso.

6. Mashine zimefika na kanuni hatuna

Wanafunzi wanapakia sauti za mahojiano kwenye programu za kunukuu na kuchambua, zilizo kwenye seva za nchi za mbali, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasifanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini fomu za maadili nilizozijaza mwaka huu bado zinauliza kama kanda zitafungiwa kabatini. Katika kijiji chenye kaya mia mbili, sauti ya mtu ni jina lake.

Nilijirekodi mwenyewe nikisoma maelezo ya aina ile aliyotoa mama yule, nikaipa programu mojawapo. Kila palipotamkwa eda, iliandika ada. Uchambuzi ambao ungefuata hapo ungezungumzia karo na madeni.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu baadhi nilishapewa kwenye korido.

Mtasema hii si sayansi. Wilhelm Wundt, ambaye kila kozi ya mwaka wa kwanza inamtaja kwa maabara yake ya saikolojia ya Leipzig ya mwaka 1879, aliandika pia mabuku kumi juu ya lugha, visasili na mila, kwa sababu aliamini maabara peke yake haiwezi kuyafikia mambo hayo. Wanafunzi wetu hufundishwa maabara tu. Mwaka 1933 Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha utafiti wa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa. Waliishi na watu, wakasoma shajara zao, wakasikiliza, na pia wakahesabu. Walikaa na saa wakapima mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole kuliko wanawake, wakisimama njiani, hawana pa kuwahi. Waligundua pia kwamba vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua ingawa watu walikuwa na siku nzima mikononi. Ni kazi hiyo iliyotufundisha kwamba kukosa ajira huua hata hamu ya kutumia muda. Kuhesabu na kusikiliza vilikaa ndani ya kitabu kimoja bila ugomvi.

Na kama sayansi ni tarakimu tu, tuseme nini juu ya mwaka 2015? Kundi la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizochapishwa katika majarida makubwa. Katika zile za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoupata. Silitaji hili kwa kufurahia. Taaluma iliyopata pigo kama hilo ina haja ya kurudi kwa watu na kuuliza upya.

Mtasema majarida hayachapishi. Ni kweli baadhi yamekuwa na roho ngumu. Mwaka 2016 wasomi 76 kutoka nchi 11, wakiongozwa na Trisha Greenhalgh, waliwaandikia wahariri wa BMJ, jarida la tiba la Uingereza, barua ya wazi kama hii, wakipinga tafiti za kimaelezo kukataliwa kwa madai kwamba hazina kipaumbele. Lakini Chama cha Saikolojia cha Marekani kina jarida maalumu la saikolojia ya kimaelezo tangu mwaka 2014, na mwaka 2018 kilitoa viwango rasmi vya kuripoti tafiti hizi. Wale tunaowaiga wameshahama. Sisi tumebaki tukilinda nyumba waliyoihama.

Mtasema hatuna wataalamu. Vukeni ua mwende kwa jirani. Idara za sosholojia wamo, idara za Kiswahili wamo watu waliotumia maisha yao kukusanya na kuchambua fasihi simulizi, na wanajua mazungumzo ya bibi mmoja yana tabaka ngapi.

Nimalizie habari ya mwanafunzi wangu. Ada ilikuwa inakwisha, na mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya mwaka mmoja wa masomo. Akaja ofisini kwangu akiwa na andiko la tatu mkononi, akaniambia, "Mwalimu, nimechoka, nataka nihitimu." Akabadilisha mada. Akagawa madodoso 384 kwa wanafunzi wa chuo kuhusu matumizi ya simu na usingizi, akayakusanya kwa siku tisa, akahitimu vizuri. Daftari lake la kule kijijini aliniachia. Lipo kwenye droo yangu, ya chini kulia, nimelifunga kwa funguo.

Ninachoomba ni hiki, na naomba kianze kutumika kabla ya mwaka mpya wa masomo:

Kwanza, ukubwa wa sampuli katika tafiti za kimaelezo uhukumiwe kwa swali la utafiti na kina cha mahojiano, na mjumbe anayetaka idadi nyingine aandike sababu zake kwa hoja, asiishie kumwelekeza mwanafunzi kwenye jedwali.

Pili, fomu ya andiko iwe na njia mbili. Anayefanya utafiti wa kimaelezo asidaiwe nadharia tete wala alfa. Adaiwe aeleze alivyowapata washiriki, alivyowasikiliza, alivyochambua, na nafasi yake mwenyewe katika yote hayo. Na adaiwe kwa ukali.

Tatu, nukuu za Kiswahili zibaki kwenye tasnifu kama zilivyotamkwa, tafsiri iwe pembeni.

Nne, kila kamati inayopitia andiko la kimaelezo iwe na angalau mjumbe mmoja aliyewahi kufanya utafiti wa aina hiyo, hata kama ni wa kuazima kutoka idara nyingine.

Tano, kozi ya mbinu za utafiti itenge nusu ya muhula kwa mbinu hizi, kwa vitendo: mwanafunzi atoke, asikilize, aandike neno kwa neno, arudi arekebishwe.

Sita, kamati za maadili zitoe mwongozo wa sauti na programu za kompyuta unaokwenda na sheria ya mwaka 2022.

Saba, maandiko yaliyokataliwa kwa sababu ya sampuli peke yake yafunguliwe upya kwa wale wanaotaka kuyarudia. Mwanafunzi wangu anataka. Nilimuuliza kabla ya kuandika barua hii.

Kusi la mwaka huu lilipoanza, yule mama aliomba simu kwa jirani akampigia mwanafunzi wangu. Alimuuliza hali, akamuuliza wazazi, kisha akauliza: "Na ile kazi yetu, mwanangu, imefika wapi?" Mwanafunzi akaniletea swali hilo mimi, nami nimeshindwa kulijibu. Nawaletea ninyi.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri na msimamizi wa tasnifu, Saikolojia ya Ushauri Nasaha